Kilicho Chini ya Rangi

Matishari yaliyopanda Naili Nyeupe kutoka Kosti hadi bandari ya Juba mwaka 2011 yalibeba watu pamoja na nyumba zao. Familia zilizoishi Khartoum miaka ishirini au thelathini zilikuwa zinarudi Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai, na hazikutaka kuacha kitu nyuma: milango, mabati, makabati, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, na juu ya yote hayo vitanda vya chuma vilivyopandanishwa, matendegu yakielekea mbinguni. Mwaka uliofuata maelfu walikwama Kosti, na kati ya Mei na Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji likawasafirisha karibu watu 12,000 kwa ndege kutoka Khartoum hadi Juba. Ndege haibebi kabati. Aliyekuja kwa mto alifika na kitanda cha mwanawe. Aliyekuja kwa ndege alifika na mwana tu.

Naanzia hapo kwa sababu sura hii inahusu kupaka rangi samani kuukuu za watoto, na Juba hakuna samani kuukuu isiyo na safari. Nyingine zilipanda malori ya Kampala na Nairobi, hasa baada ya barabara ya kilomita 192 kati ya Nimule na Juba kutiwa lami mwaka 2012. Nyingine zilianza maisha ofisini. Umoja wa Mataifa hauruhusu wafanyakazi wake wa kigeni kuja Juba na watoto, kwa hiyo wanapoondoka hawaachi vitanda vidogo. Wanaacha meza na makabati ya mafaili. Waliondoka kwa wingi Desemba 2013 mapigano yalipozuka, wakaondoka tena Julai 2016 mapigano yaliporudi mjini, na mwaka 2025 ofisi nyingine zikafungwa Marekani ilipokata misaada yake. Meza ya ofisi ikikatwa miguu kiasi cha shubiri moja inakuwa meza ya mtoto wa darasa la tatu. Na tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, zaidi ya watu milioni moja wamevuka kuingia Sudan Kusini, wengi wao wakiwa Wasudan Kusini wanaorudi kwao kupitia Renk. Safari hii wengi hawakuja hata na godoro. Hao ndio wanaozunguka leo Gudele, Munuki na ng'ambo ya mto kule Gumbo wakiulizia kitanda cha mtoto kilichokwisha tumika.

Kuna sababu ya pili ya kupenda cha zamani, nayo ni mbao. Kitanda kipya cha bei nafuu kandokando ya barabara za Juba mara nyingi ni cha paini au mkaratusi, mbao zilizopasuliwa juzi na kupigiliwa misumari leo zikiwa bado mbichi. Zikikaukia chumbani zinajipinda, misumari inalegea, chaga zinaanguka usiku. Kitanda cha miaka ishirini kilikwisha maliza kujipinda. Na ukibahatika, chini ya ile rangi chafu utakuta mkangazi au mtiki. Ekwatoria ina mashamba ya mtiki yaliyopandwa enzi za Waingereza, Kagelu na Loka upande wa Yei, na mbao zake zimeingia Juba kwa vizazi, ingawa tangu 2016 barabara ya Yei imekuwa ya hofu zaidi kuliko ya biashara.

Na sababu ya tatu ni jiko. Juba hupika kwa mkaa na kuni, na kiti kilichovunjika mguu kina njia fupi sana ya kufika kwenye mafiga. Nitarudi kwenye moshi wa mbao zilizopakwa rangi, maana hapo pana hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kwa sasa tuseme tu kwamba kila kiti kinachorudishwa kwa mtoto ni kiti ambacho hakikuchomwa.

Kitanda katika bonde hili la Naili hakijawahi kuwa kitu kidogo. Kule Kerma, kaskazini mwa Sudan, George Reisner alifukua kati ya 1913 na 1916 makaburi ya watu waliozikwa juu ya vitanda vyao, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Matendegu yamechongwa mfano wa miguu ya ng'ombe, mbao za miguuni zimepambwa kwa vipande vya pembe za ndovu. Angarebu inayolaliwa leo uani Juba, fremu ya mbao iliyosukwa kamba, ni ya ukoo huohuo. Msomaji wa pwani anakijua kitanda cha kamba cha kwao, na anajua pia kwamba kitanda kizuri kilirithishwa na kutajwa pamoja na mali nyingine za nyumba. Mtoto aliyekimbia mara mbili kabla ya kufika darasa la kwanza, akapewa kitanda na kuambiwa hiki ni chako, amepewa jambo kubwa kuliko mahali pa kulala. Rangi ndiyo inayomwambia kwamba ni chake, kwa sababu yeye ndiye aliyeichagua.

Lakini rangi huja mwisho. Mteja huwa na haraka: "Fundi, nipigie rangi tu, mbao bado nzima." Fundi mwema hujibu, "Niachie mpaka kesho, mama, nikitazame kwanza." Kukitazama huko ndiko kunakojaza sehemu kubwa ya sura hii.

Mwaka 1914 madaktari wawili wa hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Henry Thomas na Kenneth Blackfan, walichapisha habari za mvulana wa miaka mitano aliyefikishwa kwao akiwa na degedege na dalili kama za homa ya uti wa mgongo. Walipochunguza waligundua kwamba alikuwa akiguguna rangi nyeupe kutoka kwenye reli ya kitanda chake. Rangi ile ilitengenezwa kwa madini ya risasi. Mtoto alikufa. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1904, daktari wa macho wa Brisbane aitwaye J. Lockhart Gibson alikuwa amekwisha andika kwamba watoto wa Queensland walikuwa wakipata sumu kutoka kwenye reli za baraza zilizopakwa rangi: jua liliigeuza rangi kuwa unga, unga ukashika mikononi, mikono ikaenda mdomoni. Kisome tena kisa hicho ukiwa Juba, penye jua kama lile na baraza kama zile, na utaona kwamba hakiko mbali.

Dunia ilichelewa kuwasikiliza. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 ulizuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Marekani yenyewe ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978 tu. Huku kwetu jambo lilikuwa bado bichi hata katika karne hii. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa rangi mpya madukani katika nchi kumi, Tanzania ikiwa mojawapo, na matokeo yalifanana karibu kila mahali: rangi ya maji ilikuwa na risasi kidogo mno, na rangi ya mafuta, ile inayong'aa, ndiyo iliyobeba mzigo. Rangi za kung'aa za njano, chungwa na nyekundu kwa kawaida huongoza, kwa sababu unga wa rangi ya njano uliopendwa viwandani hutengenezwa kwa kuchanganya risasi na kromu. Fikiri sasa ni rangi gani watu huchagua kwa kiti cha mtoto.

Leo mpaka unaopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 za risasi katika milioni, na Kenya nayo imeuchukua mpaka huo. Makopo yaliyoandikwa kwamba hayana risasi yanapatikana Nairobi na Kampala, na yanafika Juba. Nunua hayo, na ukikuta kopo lisilo na maandishi yoyote, liache dukani hata kama bei yake inavutia. Ila kopo jipya ni nusu ya jambo. Kitanda kilichopakwa Khartoum mwaka 1995, kikapakwa tena mwaka 2004, kikasafiri kwa tishari na kupakwa mara ya tatu Juba, kina matabaka ambayo hakuna ajuaye yametoka kopo gani.

Kwa nini niwe mkali hivi? Kwa sababu mtoto mdogo hunyonya tumboni risasi mara nne au tano zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Sumu hii haipigi kelele. Mtoto hachemki homa wala hatapiki siku hiyohiyo. Anakuwa mzito wa kujifunza, mwepesi wa hasira, mwalimu anamwita mtundu. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi watoto milioni 800, ana risasi katika damu kwa kiasi cha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita. Rangi ni chanzo kimoja tu kati ya vingi; betri chakavu zinazoyeyushwa uani ni kingine kikubwa. Lakini rangi ya kitanda ni chanzo ambacho mzazi ana uwezo nacho leo, kwa mikono yake mwenyewe.

Juba si rahisi kumpata mtu mwenye kifaa cha kupimia risasi. Kwa hiyo kanuni ni moja: rangi yoyote ya zamani ambayo hujui asili yake, ichukulie kuwa ina risasi. Ukishakubali hilo, mengi ya kazi yanabadilika. Usisugue kwa msasa mkavu. Vumbi lile jembamba ndilo linaloingia mapafuni mwa fundi na kutua kwenye unga wa mama anayepika hatua kumi kutoka hapo. Usichome rangi kwa moto ili ibabuke, kama mafundi wengine wanavyofanya kwa taa ya gesi. Risasi iliyopata moto inageuka mvuke. Tumia msasa wa maji, ule mweusi unaovumilia kulowa, na ndoo ya maji yenye sabuni pembeni. Lowesha, sugua, futa kwa kitambaa, lowesha tena. Tandika turubai chini kabla ya kuanza. Funika pua na mdomo. Wajawazito na watoto wakae mbali mpaka turubai likunjwe, nawe unawe mikono kabla ya kugusa chakula au kumbeba mtoto.

Rangi ya zamani ikiwa imeshika vizuri, haina ufa wala maganda, sioni haja ya kuibandua. Ioshe, iparuze kidogo kwa msasa wa maji ili mpya ipate pa kushika, kisha ifunike. Isipokuwa pale mtoto anapofikisha meno. Anayeota meno huguguna reli ya juu ya kitanda, kingo za meza na mgongo wa kiti, na tabaka mbili za rangi mpya hazimzuii. Sehemu hizo ama uzibandue mpaka mbao kwa maji na subira, ama uziondoe na kuweka ubao mpya. Na kitanda cha mtoto mchanga ambacho rangi yake inabanduka chote, chenye umri usiojulikana, mimi nasema usikitie rangi kabisa. Mtafutie mtoto kingine. Najua kusema hivyo mbele ya mama ambaye hana kingine ni kugumu, na bado nasema.

Kuna sababu nyingine za kukataa kitanda, nazo hazihusiani na rangi. Nafasi kati ya fito moja na nyingine ya kitanda cha mtoto mchanga isizidi sentimita 6. Kopo la soda la kawaida ndilo kipimo chako: likipenya kati ya fito, mwili wa mtoto unaweza kupenya na kichwa kikabaki. Kitanda chenye ubavu unaoshushwa na kupandishwa kilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwezi Juni 2011 baada ya kuua watoto walionaswa. Vya namna hiyo vilikwisha sambaa duniani, na ukikipata, kaza ubavu ule kwa skrubu usiwahi kushuka tena, au ukiache. Godoro lijae fremu. Vidole viwili vikiingia pembeni vinatosha, vitatu vimezidi.

Kisha chandarua. Katika nchi ambayo malaria ndiyo inayojaza zahanati kuliko ugonjwa mwingine wowote, kitanda cha mtoto kisicho na pa kufungia chandarua hakijakamilika, na nashangaa jinsi ambavyo jambo hili husahauliwa mpaka rangi imekwisha kukauka. Nguzo nne nyembamba kwenye pembe, au upinde mmoja wa chuma upande wa mchagoni, viwekwe kabla ya rangi, na ncha zake zisuguliwe zisichane wavu. Kwa dabodeka ni kazi zaidi, kwa sababu wa chini anahitaji cha kwake na wa juu cha kwake. Seremala anayejua kazi atatoboa mifumbati na kupitisha kamba mahali ambapo mtoto hawezi kujinyonga nayo.

Mbao za Juba huja na mambo yao. La kwanza ni kunguni. Wanaishi kwenye nyufa za viungo, mahali mfumbati unapoingia kwenye tendegu, na hakuna rangi inayowaua. Legeza viungo vyote, mwaga maji yanayochemka, anika juani siku nzima, kisha ziba kila ufa kwa puti kabla ya kuunganisha upya kwa gundi na skrubu. Hapo rangi inasaidia kweli, maana kitanda kilichozibwa na kupakwa laini hakina pa kujifichia, na kunguni mmoja huonekana upesi juu ya rangi nyeupe au ya anga.

La pili ni oili chafu. Kwa kuogopa mchwa, watu wengi Afrika Mashariki hupaka mbao oili iliyotolewa kwenye injini, na fundi akikutana na tendegu jeusi lenye mafuta anajua rangi haitashika. Nguo yenye tapentaini itatoa ya juu tu. Iliyozama ndani itarudi kupitia rangi mpya kama doa la kahawia, na oili ile ina uchafu wa injini usiofaa kukaa karibu na ngozi ya mtoto. Kata kipande hicho ukiweza. Tendegu fupi lililoongezewa kisigino kipya cha mbao ngumu ni bora kuliko tendegu refu lenye sumu.

La tatu ni mtiki wenyewe. Una mafuta yake ya asili, ndiyo maana mchwa huukwepa, na mafuta hayohayo hukataa rangi. Ukilazimika kuupaka, ufute kwa thina dakika chache kabla ya rangi ya kwanza, tabaka iwe nyembamba, na uwe na subira ya kukauka. Lakini kwa nini uupake? Nikifunua mtiki chini ya rangi ya zamani na mbao ikawa nzuri, naona ni dhuluma kuifunika tena. Safisha, paka mafuta ya kitani, acha mishipa ya mbao ionekane, na rangi ya mtoto iende kwenye sehemu moja tu: ubao wa mchagoni, au droo.

Chuma ni rahisi zaidi na kina mtego mmoja. Vitanda vya bomba vilivyotoka Khartoum vina kutu miguuni na kwenye viungo vilivyochomelewa. Kutu hutolewa kwa brashi ya waya na maji, kisha chuma kikaushwe upesi na kupakwa siku hiyohiyo rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Mtego ni kwamba zamani rangi ya kwanza ya chuma, katika madaraja, meli na magari ya moshi, ilikuwa risasi nyekundu, yenye wekundu unaoelekea chungwa. Nyekundu ya siku hizi, iliyo ya kahawia kama udongo, ni ya oksidi ya chuma na haina ubaya huo. Ukikwangua kitanda ukakuta chungwa kali chini kabisa, acha kukwangua, funika. Viti vya plastiki navitaja kwa sentensi moja: rangi haivishiki, vioshe tu.

Sasa kopo linaweza kufunguliwa, na hali ya hewa ndiyo yenye neno. Kuanzia Aprili hadi Oktoba mvua ya alasiri itaharibu kazi iliyoanikwa uani. Kiangazi nacho kina vumbi, na joto lake si la mchezo: Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kwa utabiri wa nyuzi 45, na Februari 2025 ikafunga tena. Katika joto hilo rangi ya mafuta hufanya ngozi juu ikiwa bado mbichi chini, na baada ya wiki inakunjamana. Kwa hiyo paka alfajiri, jua likiwa bado halijapanda, chini ya rakuba, yaani kibanda cha kivuli, au mwembe, na uwe umesafisha brashi saa nne asubuhi. Mwagia maji ardhi inayokuzunguka ili vumbi litulie. Rangi ya kwanza moja, kisha tabaka mbili nyembamba za rangi yenyewe, kila moja ikipewa usiku wake na kuparuzwa kidogo kabla ya inayofuata. Mafundi wengi hupenda kumaliza kwa tabaka moja nene kwa sababu mteja amesimama hapo. Tabaka nene ndiyo itakayobanduka mtoto akiburuta kiti sakafuni.

Rangi ya mafuta au ya maji? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ya mafuta, kwa kuwa huoshwa na kuvumilia. Kwa samani za mtoto mimi sasa naelekea kwenye rangi ya maji ya mbao, yenye harufu ndogo, ikifunikwa na vanishi ya maji. Inagharimu zaidi, na si kila duka la Juba linayo. Ukitumia ya mafuta, kitanda kisilaliwe mpaka harufu iishe kabisa, na hiyo huwa wiki mbili au tatu hata kama mkono hauchafuki tena. Hili ndilo wazazi hulivumilia kwa shida kuliko yote, na mtoto zaidi yao.

Halafu ndiyo furaha. Ukanda wetu haukosi walimu wa rangi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1972, alianza Dar es Salaam na mbao za dari na rangi ya baiskeli, kwa sababu hizo ndizo alizozipata, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanachora chui na ndege juu ya sinia na vigoda. Juba yenyewe ina AnaTaban, kundi la wasanii vijana lililoanza 2016, mwaka wa mapigano, waliopeleka amani kwenye kuta za mji kwa picha kubwa. Kuta zile ziliwaonyesha watoto wa Juba kwamba rangi inaweza kuwa ya kila mtu.

Ukitafuta michoro ya kiti cha mtoto huna haja ya kuiga wanyama wa filamu za katuni. Watoto wa wafugaji wa nchi hii wamelelewa na macho yanayotofautisha ng'ombe kwa rangi na mabaka kuliko sisi tunavyotofautisha nguo; kwa Wadinka majina ya watu, kama Mabior na Malual, ni majina ya rangi za fahali, mweupe na mwekundu. Kigoda kilichopakwa mabaka meusi na meupe ya fahali ambaye babu alimsifu kwa nyimbo kina maana ambayo katuni haina. Mtoto wa Kibari aliyekulia kando ya mto atataka samaki na mitumbwi. Aliyelelewa katika kambi za wakimbizi za Kakuma au Bidi Bidi anaweza kutaka basi, na achorewe basi. Muulize kabla hujanunua kopo, na akisema njano tupu, njano iliyo salama ipo.

Rangi za madoa na michoro hazihitaji makopo makubwa. Mafundi wa jirani wakichangia, kopo moja la kila rangi ya msingi litapamba vitanda vingi. Hapo ndipo mafunzo ya ufundi kama ya kituo cha serikali cha MTC Juba, au ya Wasalesiani wa Don Bosco kule Gumbo walikohifadhi waliohama makwao, yanapoweza kuongeza somo hili dogo: kijana anayefundishwa useremala afundishwe pia kutazama kilicho chini ya rangi. Seremala wa Juba atakutana na vitu kuukuu zaidi ya vipya.

Yaliyobaki baada ya kazi yana taratibu zake. Maganda ya rangi ya zamani na vitambaa vilivyofutia, vikunje ndani ya turubai, vifunge katika mfuko, uvizike mbali na kisima na bustani. Maji machafu usiyamwage kwenye mfereji unaoelekea mtoni. Vipande vya mbao zenye rangi visiingie jikoni. Moshi wake hubeba risasi hadi kwenye sufuria na mapafu, na majivu yake hubaki uani ambapo watoto huchezea. Nimesema kiti kinachopona kimeepuka moto. Kisichopona, ikiwa kimepakwa rangi, kiepushwe moto vilevile.

Na kabla hujakirudisha kitanda ndani, kipindue. Chini ya chaga, au upande wa chini wa kiti, andika kwa brashi nyembamba mwaka, aina ya rangi uliyotumia, na kama uliibandua ya zamani au uliifunika. Maneno matano yanatosha: "2025, rangi ya maji, imefunikwa." Mtoto huyu atakua, kitanda kitakwenda kwa mwingine, pengine ng'ambo ya mto, pengine ng'ambo ya mpaka, na fundi atakayekipokea atajua aanze na msasa gani.